Msikate waya wa athi ili spika zinyamaze
Ndugu zangu wa muziki, juzi kwenye send-off nimeliona tena na limeniuma. Spika zenye amplifaya ndani zilikuwa zinavuma, kijana wa ukumbini akaja na koleo akate waya wa athi (ule wa usalama unaokwenda ardhini) kwenye plagi. Nikamzuia.

Mvumo ule mara nyingi unatokea miksa ikichomekwa upande mmoja wa ukumbi na spika upande mwingine, athi zikakutana tena kupitia waya wa sauti. Tukavuta umeme wa vyombo vyote kutoka sehemu moja, mvumo ukakata. Ungebaki, ningeweka kifaa chenye transfoma kwenye njia ya sauti. Umeme hauguswi! Ule waya wa kijani na njano ndio unaofanya fyuzi iungue pale waya wa moto, yaani wenye umeme, ukigusa bodi ya chombo. Ukiutoa, bodi ya chuma inaweza kubaki na volti 230, na zikasafiri kwa waya wa sauti hadi kwenye maiki ya MC. Kuna watu wamekufa hivyo jukwaani.

Na ekstensheni ya kuzungusha, ikunjueni yote. Ile tuliyopewa ilikuwa nusu bado imejizungusha. Nikaingiza vidole katikati, plastiki imeanza kulainika kwa joto.

Jenereta nayo ipimwe kwa mita kabla hujachomeka kitu. Ikizidi volti 250, mimi sichomeki, hata bwana harusi akinuna. Kuwasha: miksa kwanza, spika mwisho. Kuzima, spika zitangulie.