Namba 937 ubaoni

Leo nimefundisha maangamizi ya Wayahudi kidato cha nne na mpaka saa hizi usingizi hauji, acha niandike tu. Miaka yote nilikuwa naanza na ile milioni 6 waliouawa na Wanazi, watoto wanaandika kwenye daftari tunasonga mbele, na nimeona namba kubwa vile haimgusi mtu, anaikariri kwa ajili ya mtihani basi. Safari hii nikaanza na meli moja. Nikachora bahari kwa chaki, juu yake nikaandika 937.

St. Louis iling'oa nanga Hamburg Mei 1939, abiria 937, karibu wote Wayahudi wanakimbia, vibali vya kushukia Kuba walikuwa navyo mkononi kumbe serikali ya kule imeshavifuta, wakaruhusiwa kushuka hawafiki hata 30, meli ikasogea mpaka usawa wa Miami taa za mji wanaziona, wakampelekea Rais Roosevelt wa Marekani telegramu hakujibu, Kanada nayo ikawakatalia.

Kijana wa dawati la mbele akanyoosha mkono. "Ila madam, kila nchi si ina utaratibu wake? Viza zao za Marekani zilikuwa hazijatoka."

Ndo hapo paliponichoma, manake jibu la Marekani lilikuwa hilohilo, kwamba wasubiri zamu yao. Mi nimezoea kufundisha wauaji, Hitler na watu wake, na hawa wa muhuri na foleni nilikuwa nawapitia juujuu tu, na hawakumgusa mtu hata kwa kofi.

Binti mmoja wa nyuma, huyu huwa haongei kabisa, akauliza, "Na wale wa nchi kavu, wao waliiona hiyo meli?" Nikamwambia magazeti yaliandika sana. Watu walisoma, wakaendelea na chai yao.

Juni meli ikarudi Ulaya, abiria wakagawanywa Uingereza, Ufaransa, Ubelgiji na Uholanzi, na mwaka 1940 Wajerumani wakazivamia hizo tatu za mwisho. Nikafuta 937 taratibu, nikaandika 254. Hao ndio waliokufa kwenye maangamizi.

Yule kijana alikuwa ameshaandika "utaratibu" kwenye daftari. Akalikata neno kwa kalamu, akasimama, "Madam, yule aliyegonga muhuri wa kukataa, yeye alishtakiwa?"

Nikamwambia hapana. Kengele ya chai ikagongwa, bado amesimama.