Fundi, gazi haijaisha

Ukiita fundi wa klimatizeri (kiyoyozi) Lubumbashi mwezi wa kumi, hata mkoba hajaushusha utasikia: "Mama, gazi imeisha." Yetu ilikuwa haipozi jioni, na huyu fundi wa kwetu alitaka dola 40 aongeze gazi ya kupoza. Nikamwambia, papa, keti kwanza unywe maji.

Gazi haiishi kama makala kwenye gunia. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua, kuna mahali inavuja. Ukiongeza bila kuziba, baadaye utalipa tena. Nikamwomba apake povu la sabuni kwenye viungo vya mabomba. Hakikutoka kiputo hata kimoja, wala hapakuwa na doa la mafuta.

Chujio nilishaliosha. Rimoti nayo niliitazama, maana watoto huichezea: lazima ioneshe alama ya theluji, kitu ambacho hapa kwetu hakuna aliyekiona kikianguka. Ikiwa kwenye feni, itapuliza hewa tu hadi asubuhi.

Ikabaki sehemu ya nje. Yetu imetundikwa upande wa barabara ya udongo, na kiangazi chote vumbi jekundu lilikuwa limejishindilia kati ya zile bati nyembamba za nyuma. Joto la chumbani linatokea hapo; pakiziba, litapita wapi? Tulikata umeme kwenye disjonta, ile swichi ya kukatia umeme, tukamwaga maji polepole kutoka juu. Presha hapana, bati zile hupinda upesi. Maji yalishuka na rangi ya matofali.

Ikapoza kidogo. Kidogo tu! Ila mimi nilikuwa na swali langu: mbona saa saba za usiku tunatafuta blanketi, na saa moja jioni ni upepo wa moto? Gazi gani inaisha jioni na kurudi usiku?

Fundi akakubali kubaki. Saa moja, mtaa wetu wa Kampemba mzima umewasha majiko ya umeme unasonga bukari (ugali), kipimo chake kikasoma volti 165 badala ya 220. Feni ya nje ilizunguka vizuri. Kompresa, ile pampu inayosukuma gazi, ikanguruma, ikashindwa kuanza, tak! ikajikata. Ikapoa, ikajaribu tena. Tak! Fundi akashuku kondensateri, kidude kinachotunza chaji na kuisaidia kompresa kuanza, akaipima baada ya kuiondoa chaji (hata umeme ukikatwa, hicho kidude kinaweza kukupiga vibaya). Nzima kabisa. Ni umeme wa jioni ulio dhaifu, na kompresa ikiachwa kuhangaika hivyo itaungua. Hapo dola 40 utazikumbuka kwa mapenzi.

Sasa jioni tunaizima, tunaiwasha majirani wakishakula. Shemeji anasema tuifunge kwenye stabilizateri ya televisheni, kile kifaa cha kuweka umeme sawa. Shemeji, hapana. Kompresa ikianza huvuta umeme mara kadhaa kuliko ikishazoea kuzunguka, kale kako katakufa siku ya kwanza. Inayofaa ni kubwa, na bei yake bado tunaijadili na baba watoto.