Nani anabaki kitandani baada ya kupona? Kusimamia usawa katika hospitali za umma Lubumbashi

Ukitaka kujua kama hospitali ya serikali hapa Lubumbashi inahudumia watu kwa usawa, omba tarehe mbili za kila mgonjwa: siku daktari alipoandika kwamba anaweza kwenda nyumbani, na siku aliyoruhusiwa kupita getini. Kwa mfanyakazi anayelipiwa na kampuni, tarehe hizo kwa kawaida ni moja. Kwa mama wa mitaa kama Katuba au Kisanga aliyezaa kwa operesheni na kwao hakuna akiba, katikati huingia siku kadhaa, hata wiki. Siku hizo haziletwi na ugonjwa. Zinaletwa na fakture, yaani hati ya deni la matibabu, na katika ripoti ya mwezi hazina safu yake.

Jambo hili si siri. Mwaka 2018 waandishi wa Associated Press walizunguka hospitali na kliniki zaidi ya 20 za mji huu, wakakuta moja tu isiyo na desturi ya kuwashika wagonjwa walioshindwa kulipa. Sheria nayo iko upande wa mgonjwa. Kifungu cha 47 cha Katiba ya Kongo (DRC) ya 2006 kinahakikisha haki ya afya, na kifungu cha 17 kinalinda uhuru wa mtu. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao nchi yetu iliingia mwaka 1976, unakataza katika kifungu cha 11 kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa mkataba. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza, kila robo mwaka, zimepotea siku ngapi na kwa nani.

Hesabu yake haihitaji kompyuta. Chukua rejesta ya wodi ya uzazi na daftari la getini, uandike tofauti ya tarehe mbele ya kila jina. Tuseme akina mama 12 walibaki kwa wastani wa siku 9 kila mmoja: hizo ni siku-vitanda 108. Wodi ya vitanda 30 ina siku-vitanda 2,700 katika siku 90, kwa hiyo asilimia 4 ya nafasi yote imekaliwa na watu ambao daktari alishawaaga. Sasa weka pembeni yake kiasi cha fedha kilichopatikana kwa kuwashika. Kamati ya hospitali ikiziona namba hizo mbili kwenye karatasi moja, mazungumzo hubadilika.

Kabla ya kumlaumu mtu, tazama pesa inavyotembea. Mshahara wa serikali na primu (posho) ya hatari haviwafikii wafanyakazi wote, na vinapofika havitoshi. Sehemu ya kipato chao hutoka kwenye mapato ya hospitali, yaani kwenye mifuko ya wagonjwa, na hugawanywa mwisho wa mwezi kama primu ya ndani. Wajumbe wa CODI, kamati ya uongozi ya hospitali, yaani daktari mkurugenzi, msimamizi wa fedha, mkuu wa wauguzi na wenzao, nao wamo kwenye mgao huo. Meza inayoamua nani asamehewe ni meza ambayo kila msamaha unapunguza kipato cha waliokaa. Hata waadilifu hubanwa na mpango wa namna hiyo. Ndiyo maana nashikilia mambo mawili: uamuzi wa msamaha utoke nje ya CODI, na fedha za wasiojiweza zitengwe kabla primu haijahesabiwa. Zikitengwa baada ya primu, hazitengwi.

Halafu kuna madeni ya wakubwa, na hapa ndipo ninapoona udhalimu mzito zaidi. Lubumbashi ni mji wa migodi. Hospitali huweka mikataba na makampuni. Mfanyakazi na familia yake wanakuja na bon (hati ya kampuni ya kutibiwa), wanatibiwa kama abone, yaani wagonjwa wa mkataba, fakture inakwenda kampuni mwisho wa mwezi. Mkataba unaweza kusema siku 30, malipo yakaja baada ya miezi minne. Katika miezi hiyo dawa lazima zinunuliwe na jenereta lazima iwe na mafuta. Franga zilizopo mkononi ni za muuza mboga wa Kenya, komini (sehemu ya mji) ya hapa Lubumbashi, aliyeweka malipo ya awali kabla hajapewa kitanda. Kwa maneno mengine, anayelipa taslimu ndiye anayeikopesha kampuni. Akikosa dola 80 za mwisho, yeye ndiye anayebaki wodini.

Dawa yake ni jedwali la umri wa madeni. Safu nne: chini ya siku 30, siku 31 hadi 60, siku 61 hadi 90, na zaidi ya 90. Mistari mitano: makampuni, mutuele za afya (vyama vya kuchangiana matibabu), ofisi za serikali, programu za bure, watu binafsi. Jedwali hilo lisomwe katika kikao kilekile kinachosoma orodha ya walioshikiliwa, si mwezi mwingine. Na mkataba wowote mpya uanze na amana sawa na fakture ya wastani ya mwezi mmoja: kama kampuni hutumia dola 6,000 kwa mwezi, iweke dola 6,000 kwanza. Kusimamisha huduma kwa abone wa kampuni inayodaiwa ni njia mbaya, kwa sababu anayeumia ni mtoto wa mchimbaji, wala si mhasibu aliyechelewesha malipo.

Programu za bure zinataka jicho la aina nyingine. Sheria ya tarehe 13 Desemba 2018 kuhusu afya ya umma ilirekebishwa tarehe 3 Machi 2023 ili kuweka msingi wa bima ya afya kwa wote, na huduma ya bure ya uzazi ilizinduliwa Kinshasa Septemba 2023. Popote programu ya namna hiyo inapofika, malipo ya serikali yakichelewa hospitali hutafuta mlango wa nyuma: glavu, uzi wa kushonea, dawa ya kusafishia, karatasi ya faili. Tarifa (orodha ya bei) ukutani inasema sifuri, na familia imetumia dola 25. Kinachopimwa kiwe jumla iliyotoka mfukoni mwa familia, pamoja na vilivyonunuliwa famasi ya nje.

Na ubao wa bei usiishie kwenye bei. Uandike pia kiwango cha kubadilisha dola kwa franga, na tarehe yake. Mahali pa malipo wakihesabu dola moja kwa franga 100 zaidi ya wabadilishaji wa barabarani, fakture ya dola 150 imeongezeka franga 15,000 bila mtu yeyote kusaini ongezeko hilo.

Mfuko wa wasiojiweza ndio sehemu ambayo nia njema huharibika haraka. Tuseme hospitali inaingiza dola 40,000 kwa mwezi na inatenga asilimia 3: ni dola 1,200. Operesheni ya uzazi ikigharimu dola 150, mfuko unabeba akina mama 8 kikamilifu, au 16 kwa nusu. Lazima basi kuwe na ngazi zilizoandikwa, msamaha kamili na msamaha wa nusu, la sivyo wa kwanza kuja ndiye anayeepuka deni. Uamuzi uwe wa watu watatu: mhudumu wa ustawi wa jamii, muuguzi wa wodi nyingine, na mjumbe wa CODESA, yaani kamati ya wananchi ya eneo la afya, ya kule anakotoka mgonjwa. Wakae ndani ya saa 48 tangu mgonjwa alazwe. Wakingoja siku ya kutoka, familia imekwisha kuuza cherehani na simu, na msamaha unakuta umaskini mpya ambao hospitali yenyewe imeuzaa.

Orodha za wasiojiweza zinazotengenezwa mapema na reko (wahudumu wa afya wa kujitolea) mitaani zina faida, lakini katika mji wa wapangaji huchakaa upesi: watu wanahama, na majina ya ndugu wa viongozi wa mtaa hayakosi kupenya. Utambuzi unaofanyika hospitalini tu nao hauwaoni wale ambao hawakuthubutu kuja. Zitumike njia zote mbili. Kila robo mwaka vichomolewe mafaili 10 kwa bahati nasibu, na nyumba 5 zitembelewe. Daftari muhimu kuliko yote ni la waliokataliwa, likiwa na sababu ya kila mmoja. Hospitali nyingi zinaweza kukuonyesha waliosaidiwa. Waliokataliwa hawana karatasi, kwa hiyo hakuna anayeweza kuwatetea.

Usawa wa kitandani ni kitu kimoja, usawa wa kisu ni kingine, na kukosekana kwa huo wa pili kunaua. Operesheni ya dharura ya uzazi hupangiwa lengo la dakika 30 tangu uamuzi hadi ngozi kukatwa. Saa ya uamuzi imo kwenye faili, saa ya kukata imo kwenye rejesta ya chumba cha upasuaji. Gawanya wagonjwa kwa namna wanavyolipa: abone, mutuele, taslimu, wasiojiweza. Kisha tafuta muda wa katikati kwa kila kundi, yaani wa mgonjwa anayeangukia katikati ukiwapanga kwa muda waliongoja, wala si wastani, maana mgonjwa mmoja aliyengoja saa tisa hupotosha wastani wote. Mara nyingi kinachochelewesha ni kiti, yaani kifurushi cha vifaa vya operesheni: mume anatumwa na karatasi kwenda kutafuta seramu, uzi na sindano huku mtoto anachoka tumboni. Suluhisho linajulikana: viti 10 vilivyofungwa vikae ndani ya chumba cha upasuaji, kitumike kwanza, kidaiwe baadaye, na kila asubuhi muuguzi wa zamu aandike vimebaki vingapi. Kinachovunja mpango huu ni kutorudisha. Wiki ya tatu kabati ni tupu, kwa sababu fedha za viti vilivyotumika zimeingia kwenye mapato ya jumla. Viti viwe na akaunti yake.

Kuhusu maeneo: hesabu waliolazwa kwa kila zoni ya afya (wilaya ya afya) wanakotoka, ugawe kwa idadi ya watu. Zoni ya watu 180,000 iliyoleta wagonjwa 700 katika robo mwaka ina karibu 3.9 kwa kila watu elfu moja. Ya watu 240,000 iliyoleta 310 ina 1.3. Pengo kama hilo linauliza maswali: gari la wagonjwa, barabara, vituo vya afya visivyotuma wagonjwa, au zoni hiyo ina hospitali yake nzuri. Tahadhari ni kwenye idadi ya watu. Sensa ya mwisho ya nchi ni ya 1984, na namba zote za leo ni makadirio. Linganisha na hesabu ya watoto ya kampeni za chanjo. Kama zinapishana sana, andika zote mbili. Wala usipige kelele kwa tofauti iliyojengwa juu ya wagonjwa sita. Unganisha robo nne kwanza.

Wajumbe wa jamii wapo kwenye karatasi karibu kila mahali, na wengi hawana uwezo wa kuuliza lolote. Wanapewa nyaraka asubuhi ileile, kwa Kifaransa cha kihasibu, na nauli wanapewa na mtu wanayetakiwa kumhoji. Nyaraka ziwafikie siku tano kabla, ukurasa mmoja kwa Kiswahili. Nauli ilipwe kutoka zoni ya afya. Angalau wajumbe wawili watoke pembezoni, mathalani komini ya Annexe, na kipindi chao kiwe miaka miwili. Kila azimio liwe na jina la mtu na tarehe. Azimio lisilo na jina halisomwi tena.

Wagonjwa wenyewe waulizwe wakiwa nyumbani. Mbele ya getini, akiwa bado anasubiri karatasi yake, mtu atakwambia kila kitu kilikuwa kizuri. Kama waliotoka ni 900 na unataka 60, chukua kila wa 15 kwenye rejesta, ukianzia na namba iliyopatikana kwa bahati nasibu kati ya 1 na 15. Piga simu siku ya saba. Maswali manne yanatosha: ulilipa jumla ngapi, ulipewa risiti za kiasi gani, uliambiwa uende kununua nini nje, ulielezwa ugonjwa wako kwa lugha unayoijua? Wasio na simu wasirukwe. Reko awafikie, kwa sababu ukiwaacha umewatoa maskini zaidi kwenye hesabu.

DPS, yaani idara ya afya ya jimbo, na ukaguzi wa afya wa jimbo, wanapokuja, huangalia dawa zilizoisha muda na madaftari ya fedha. Waongeze saa moja tu. Wachague mafaili matano ya waliolipa taslimu, walinganishe jumla ya fakture, vipande vya risiti vilivyobaki hospitalini, na jibu la familia kwenye simu. Namba tatu zisipolingana, tofauti iandikwe kwenye ripoti ya ziara, msimamizi wa fedha asaini mbele ya mjumbe wa CODESA, na nakala ibandikwe ubaoni karibu na tarifa kabla mkaguzi hajapanda gari.