Siku moja maishani mwangu: kanga nne za studio

Saa 11 alfajiri
Kabla ya chai nazihesabu kanga. Doti mbili za jina moja, "Hasidi hana sababu", nilizozinunua Kariakoo. Kwenye filamu tunayopiga leo, mavyaa anammwagia mke wa mwanawe bakuli la uji. Kila teki, yaani kila tunapolipiga tukio upya, inachafua kipande kimoja, kwa hiyo vipande vinne ni nafasi nne. Vyote nimevifua na kuvianika jua kali wiki nzima, kwa sababu mke aliye kwenye ndoa miaka kumi hashindi nyumbani na kanga iliyokakamaa kwa wanga wa dukani.

Jina lenyewe tulibishana. Muongozaji alitaka "Wema hauozi". Nilikataa. Mtazamaji wetu husoma kanga kabla hajasikia neno, na mke huyu ameivaa makusudi ili mavyaa aisome. Uji unamwagwa kwa sababu hiyo. Ukibadilisha jina, ugomvi hauna chanzo.

Saa 1 asubuhi
Lokesheni ni uani kwa watu, Kinondoni. Kwenye karatasi mimi ni wa mavazi. Kwa vitendo nimepika uji wa ulezi (ule mweupe haushiki doa kwenye kamera), nimepaka waigizaji poda, na daftari la mwendelezo, la kuhakikisha vazi halibadiliki kati ya picha na picha, ninalo mimi: fundo kushoto, bangili tatu, kandambili ya bluu.

Saa 3
Teki ya kwanza, uji umeshamwagika, bodaboda ikapita nyuma ya ukuta. Ya pili, kivuli cha maiki kikaingia.
"Dada, zimebaki ngapi?"
"Mbili, kaka."
Ya tatu kila mtu alishusha pumzi. Mavyaa alisoma kanga kwanza, polepole, ndipo akainua bakuli.

Saa 6 na nusu
Adhana ya adhuhuri, tunasimama. Wali maharage. Simu inaita: tamthilia ya televisheni wanataka mtu wa mavazi, malipo mazuri kuliko ninayopata. Nimewashukuru kwa moyo wote, nikakataa. Nina miaka 9 hapa. Miezi ambayo filamu haikuuzika, bosi aligawa kilichokuwepo, naye akachukua sawa na sisi. Tena kule ningekabidhi nguo na kuondoka. Hapa naifuata kanga kutoka dukani hadi kwenye spika, na sijui kufanya kazi hii nusunusu.

Saa 10 jioni
Studio. Nakopi kadi za kamera kwenye diski mbili za kuhifadhia, nafungua faili moja moja kuhakikisha, ndipo kadi zifutwe.

Saa 2 usiku
Upepo wa uani umeharibu sauti ya kitambaa, kwa hiyo tunairekodi upya. Tumezima feni na friji, fundi sauti na mimi tumejifungia chumba chenye magodoro ukutani. Nimelowesha kanga ya teki ya kwanza. Namtazama mke kwenye skrini, naikung'uta anapoikung'uta. Tunatumia picha 25 kwa sekunde, na nikichelewa picha tatu tu, masikio yanagutuka. Mara ya kumi na moja fundi ameinua kidole gumba.

Saa 4
Nafua mbili, naanika. Ile ya teki ya tatu siigusi maji. Kesho mke anaingia jikoni, dakika moja baada ya kumwagiwa, na doa lazima liwe palepale, juu ya neno "sababu". Nimeitandaza mezani, nikaiwekea karatasi: msifue.