Bomba moja kwenye levo 105

Kazi yangu ya kwanza ya kuhariri Super Mario World, gemu la zamani la Nintendo, ilikuwa ndogo: kuongeza bomba moja kwenye levo ya Yoshi's Island 1, limpeleke Mario kwenye chumba cha chini chenye sarafu, kisha arudi juu. Binamu yangu, aliyekuja kwetu likizo hiyo, alitaka tuanze na dunia nzima mpya, ramani yake na mabosi wake. Nilikataa, na hadi leo anayeniuliza aanzie wapi namjibu vilevile: chukua levo iliyopo, badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo uguse cha pili.

Faili kwanza. ROM, yaani faili lenye gemu zima, ya toleo la Marekani ina baiti 524,288. Ukikuta 524,800, ujue ina heda, yaani baiti 512 za mwanzo zilizowekwa na mashine za zamani za kunakilia kaseti za gemu. Gemu lenyewe halizihitaji. Tofauti hiyo ndiyo huharibu pachi nyingi (mafaili madogo yanayobeba mabadiliko tu) za aina ya IPS. Pachi ya IPS husema tu "nenda nafasi fulani, andika baiti hizi", wala haiulizi inaandika juu ya nini. Heda ikiwepo mahali isipotarajiwa, kila kitu kinasogea baiti 512 na unaambulia skrini nyeusi. Pachi ya aina ya BPS hukagua faili la ROM kwanza, na lisipokuwa lenyewe inalikataa. Nikatengeneza nakala mbili: moja nikaiweka kwenye folda yake isiguswe kabisa, nyingine ikawa ya kufanyia kazi. Lunar Magic, programu ya kuhariri levo iliyotolewa na FuSoYa mwaka 2000, huandika moja kwa moja ndani ya ROM uliyoifungua. Ukikosa nakala safi, huna cha kulinganishia siku ya kutengeneza pachi.

Levo 105 ndiyo Yoshi's Island 1. Namba zote za levo ni za hekisadesimali, yaani hesabu ya kumi na sita inayotumia tarakimu 0 hadi 9 kisha herufi A hadi F: 000 hadi 1FF. Levo ya mlalo imegawanywa katika skrini, kila skrini ina upana wa vizuizi 16 na kimo cha vizuizi 27, na kizuizi kimoja ni pikseli 16 kwa 16. Kubofya kushoto huchagua na kuburuta. Kubofya kulia hupachika kitu ulichokichagua kwenye orodha. Ardhi na mabomba huhaririwa kwenye hali moja, maadui, yaani spraiti, kwenye hali nyingine. Bomba nalo lina sura mbili katika orodha: la pambo na la kupitika. Yanafanana kwa macho, kwa hiyo soma jina kabla ya kupachika.

Nikahifadhi, nikabonyeza F4, emuleta, programu inayochezesha gemu kwenye kompyuta, ikafunguka. Mario akazama bombani na kuibukia kwenye chumba cha bonasi.

"Kaka, mbona tumekuja huku? Imeharibika?"

Haikuharibika. Bomba halibebi anwani. Anwani huandikwa kwenye skrini ambamo bomba limesimama, na skrini isiyoandikiwa njia humpeleka Mario levo 000 au 100, ambazo ni vyumba vya bonasi. Ndiyo maana pia mabomba mawili ndani ya skrini moja hufikisha mahali pamoja: kila skrini ina njia moja tu. Ukitaka yatofautiane, sogeza moja hadi livuke mpaka wa skrini. Nikafungua dirisha la njia za skrini, nikachagua namba ya skrini yetu na kuandika namba ya levo ya chumba cha chini.

Kurudi juu ndiko kugumu kidogo. Ukiandika 105 peke yake, Mario anaanzia mwanzo wa levo. Ili atokee katikati unahitaji mlango wa pili: unaupa namba, unauweka juu ya bomba la kutokea, unachagua tendo la kupanda kutoka bombani, kisha kwenye njia ya chumba unaonyesha kwamba namba hiyo ni ya mlango, si ya levo. Mlango ukiukosea kizuizi kimoja, Mario anaibuka ndani ya ukuta.

Binamu akaomba Boo, adui mwenye umbo la mzimu, amfukuze Mario nyasini. Tukampachika, akaonekana vipande vipande visivyoeleweka. Kila levo hupakia mafaili manne ya picha za spraiti, SP1 hadi SP4. Mawili ya mwanzo kwa kawaida hayabadiliki, mawili ya mwisho hufuata mazingira. Picha za mzimu hazikuwa zimepakiwa. Ukibadilisha faili ili Boo apate sura, adui mwingine aliyekuwa akichota picha zake humo anaipoteza yake. Tukamfuta Boo, tukaweka Koopa, adui wa umbo la kobe.

Kuna mtego mwingine wa emuleta unaowachosha wengi: ukirudisha mchezo uliouhifadhi katikati ya levo, unaona levo ya zamani, kwa sababu ramani yake ilishapakiwa kwenye kumbukumbu. Toka hadi kwenye ramani, uingie upya.

Kisha nikampa binamu kidhibiti bila kumwambia lolote. Mtengenezaji hapaswi kuwa mpimaji pekee, maana vidole vyake vinajua kila shimo lilipo. Binamu alifuata sarafu zangu na kutumbukia, kwa kuwa upinde wa sarafu hizo uliishia juu ya shimo. Mchezaji wa Mario huamini sarafu. Ukizipanga kuelekea kifo umemdanganya. Nikazivuta hadi sarafu ya mwisho ikakaa juu ya ardhi, akaruka salama.

Pachi nilitengeneza kwa Flips, programu ya kutengeneza na kupachika pachi: unachagua ROM safi kwanza, ya kazi baadaye, inatoka BPS. Hiyo ndiyo unayowapa watu, si ROM, kwa kuwa gemu ni mali ya Nintendo. Nikaipachika juu ya nakala nyingine safi na kucheza tangu mwanzo wa gemu, kuhakikisha kinachomfikia mtu mwingine kinafanana na nilichokuwa nacho mimi. Bomba likashuka, likarudisha. Binamu alikuwa ameshafungua levo 106.