Siku ya mapumziko

Jumapili. Leo sifanyi mazoezi, na tangu asubuhi naisikia ile sauti: ukipumzika leo, umerudi nyuma. Wanawake wengi ninaofanya nao mazoezi wanaijua. Mmoja hukimbia hata akiwa na homa. Mwingine akikosa siku moja huacha mwezi mzima, kwa sababu ratiba ikishaharibika haoni maana ya kuendelea nayo. Watu humwita wa kwanza mwenye nidhamu na wa pili mvivu. Mimi naona wanasumbuliwa na kitu kimoja, kutaka ukamilifu.

Wanasaikolojia Paul Hewitt na Gordon Flett, katika makala yao ya mwaka 1991, waliugawa ukamilifu mara tatu: mtu kujibebesha viwango vikali mwenyewe, kuwabebesha wengine, na kuamini kwamba watu hawatamkubali mpaka awe kamili. Huu wa tatu ndio unaoniumiza. Anayefanya mazoezi kwa kuwaza jicho la mtu mwingine hafiki mwisho. Tumbo likiingia ndani, anaanza kulichukia paja. Paja likipungua, anaona mkono umelegea.

Halafu hesabu. Saa ya mkononi inataja kalori ulizounguza (na makadirio yake hukosea sana), papo hapo unazilinganisha na ulichokula jana. Hapo mazoezi yamekuwa kulipa deni, na kula kumekuwa kosa. Mizani nayo inaweza kupanda kilo moja au mbili ndani ya siku chache kwa sababu ya maji, chumvi au hedhi kukaribia, na mtu akaharibikiwa na siku nzima kwa ajili ya maji.

Ninachotaka hasa kuandika leo ni hedhi. Rafiki yangu hedhi yake ilikatika, akaona ni usumbufu umepungua. Wakati huohuo kila aliyekutana naye alimwambia amependeza, amepungua, afanye vivyo hivyo. Hakuna aliyemuuliza kama anakula. Mwili usiopata chakula cha kutosha kwa kazi unayoufanyisha huanza kubana matumizi: ubongo hupunguza homoni zinazoamsha ovari (vifuko vya mayai), estrojeni, ile homoni ya kike, inashuka, hedhi inasimama. Estrojeni hiyohiyo ndiyo inayolinda mifupa, kwa hiyo mifupa nayo hudhoofika, na mkimbiaji kijana anaweza kupata nyufa za mifupa kwa mbio za kawaida tu. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu upungufu huu wa nishati mwaka 2014. Na si lazima uwe umekonda; upungufu huo unaweza kumpata hata mwenye uzito wa kawaida. Hedhi ikikosekana miezi mitatu mfululizo na huna mimba, nenda kwa daktari. Naandika hivi kwa kuwa najua wapo wanaosoma hapa na wanaficha.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli walau siku mbili. Unasema pia kwamba kidogo ni bora kuliko kukosa kabisa. Sentensi hiyo naipenda mno. Mpenda ukamilifu haiamini, kwake dakika kumi za kutembea hazihesabiki, wakati moyo na mapafu yanazihesabu.

Mimi siku hizi simsifu mtu kwa kupungua. Namuuliza analala vipi, ana nguvu, anafurahia anachokifanya.

Rafiki yangu sasa yuko chini ya daktari, anakula zaidi na amepunguza mbio. Ameongezeka kidogo, na tayari mtu amemwambia, "Umejiachia." Jana usiku alinipigia akilia, anataka kwenda kukimbia saa ileile. Tuliongea mpaka akakubali kula. Hedhi bado haijarudi.