Siku moja maishani mwangu: nashinda na sumu, Chengdu, China

Saa 12:40 asubuhi. Alamu imelia mara ya tatu ndo naamka, nje ukungu umeshika kila kitu, hili jua la Chengdu ni la kubahatisha. Nanunua baozi mbili na maziwa ya soya ya moto pale getini nakula huku natembea. Kwa mnaoniuliza kila siku huku nafanya nini hasa, nasoma famasia ya dawa za asili za Kichina, mwaka wa mwisho, na sasa niko fildi kwenye famasi ya hospitali moja mjini. Nyumbani wanajua nachambua majani tu, sasa ngoja niwaambie.

Saa 2:00 kamili. Kabla ya kitu chochote tunafungua kabati la chuma. Kufuli mbili, funguo wanashika watu wawili tofauti, mimi mwanafunzi sishiki hata mmoja. Humo ndani kuna chuanwu mbichi, huo ni mzizi wenye sumu, kuna maqianzi ambayo ndo mbegu yenye sumu ya strikinini, kuna xionghuang, hilo ni jiwe la rangi ya machungwa lenye arseniki. Sheria yao ya 1988 imeorodhesha dawa za asili 28 za namna hii, na imeingia mpaka kwenye vitu vidogo: cheti kimoja hakizidi dozi ya juu ya siku mbili, ukishatoa dawa cheti kinatunzwa miaka miwili, na daktari asipoandika neno "mbichi" wewe unatoa iliyopikwa, hamna cha kukisia. Laoshi wangu (maana yake mwalimu, ni mama wa makamo, mkali balaa) anapima, mwenzake anahakiki, mimi naandika. Juzi zilibaki gramu 212, jana zikatoka 6, kwa hiyo leo zisome 206. Zikisoma tofauti dirisha halifunguliwi hata foleni ifike barabarani.

Saa 2:30 foleni hiyo. Ukuta mzima ni droo, kila droo ina vyumba viwili vitatu, na mkononi una kamizani kadogo ka fimbo na kisahani cha shaba. Cheti kimoja unakuta kina dawa 12 mara pakiti 7, unagawa mpaka mkono unakufa.

Dawa ninayoishika sana ni fuzi. Hii ni mizizi ya pembeni ya mmea unaoitwa akonito (ile chuanwu ndo mzizi wake mkuu), na mingi inatoka Jiangyou, hapo hapo kaskazini mwa mkoa wetu huu wa Sichuan. Ikiwa mbichi ina sumu inayoitwa akonitini, na miligramu 2 hivi zinatajwa kuwa zinaweza kumuua mtu mzima, inashikilia vile vijilango vinavyopitisha sodiamu kwenye mishipa ya fahamu na moyo visijifunge, moyo unaanza kupiga ovyo, na dawa maalum ya kuizima haipo. Sasa mtu anauliza mnampaje mgonjwa kitu kama hicho? Jamani, mihogo michungu tunakulaje? Si unamenya, unaloweka, unaanika, ndo upate makopa, ukiruka hatua unazika watu. Fuzi ni hivyo hivyo, inalowekwa kwenye maji ya chumvi kali, inachemshwa, inakatwa, inasuuzwa, na moto mrefu unaivunja ile akonitini inageuka kitu chenye sumu ndogo sana. Ndogo lakini bado ipo, ndo maana hata ile iliyopikwa kiwandani mgonjwa anaichemsha peke yake kwanza, nusu saa mpaka saa nzima, halafu ndo dawa nyingine zinaingia.

Kitabu cha dawa cha taifa kinasema gramu 3 mpaka 15. Ila hii ni Sichuan, kuna madaktari wa mkondo wa "mungu wa moto", ulianza huku huku karne ya 19, hao kuandika 30 au 60 ni kawaida. Mimi binafsi 60 zinanitoa jasho.

Saa 4 na kitu, kompyuta imewaka nyekundu. Fuzi na dawa nyingine inaitwa banxia kwenye cheti kimoja, na hizo zimo kwenye orodha ya kale ya dawa 18 zisizokaa pamoja. Laoshi hata haniangalii, ananyoosha tu kidole juu, maana yake panda ghorofa ya tatu. Daktari, mzee mpole, anacheka, anasema huyu mgonjwa namwandikia hivi miaka. Sawa mzee wangu, ila saini tena hapo pembeni ya jina la dawa. Anasaini. Ubishi wa kama hizo mbili kweli zinagombana haujaisha mpaka leo na sidhani utaisha mimi nikiwa hai, lakini saini ya pili inanionyesha daktari aliliona hilo onyo, hakuteleza kalamu.

Kabla ya chakula kaja babu mmoja anataka caowu mbichi (ndugu yake chuanwu) robo kilo akaloweke kwenye pombe apake magoti. Apake, au anywe? Akatabasamu. Nikajua. Pombe inaivuta sumu iliyo kwenye mzizi na hakuna moto wa kuivunja, na hii ndo njia moja kubwa ya watu kufa kwa sumu hii huku. Laoshi akamtoa kwa upole, akamwandikia aende kwa daktari wa mifupa, babu kaondoka ananung'unika kwa Kisichuan, nusu sikuelewa na nusu niliyoelewa siandiki.

Saa 6 wali, tofu, pilipili, halafu wote wanalala kwenye viti nusu saa. Utamaduni ambao nitarudi nao nyumbani.

Saa 8:30 mchana niko maabara ya chuo, leo ni zamu ya chuanwu. Imelowekwa mpaka katikati pamelainika, ikawekwa jikoni tangu asubuhi, kawaida ni saa nne mpaka sita za kuchemka. Saa ikifika hutoi tu kwa kuwa saa imefika. Unachagua zile kubwa, ngumu, unapasua katikati. Ya kwanza ikawa kahawia nje ila ndani kuna doa jeupe kama chaki, dogo kuliko kucha. Rudisha. Baada ya dakika arobaini tukapasua nyingine, ndani rangi moja mpaka kiini. Halafu unaonja, kipande kama punje ya mchele kwenye ncha ya ulimi, mwalimu amesimama hapo hapo, unatema, unasubiri. Ikibaki ganzi kidogo sana kama ulimi umegusa betri imeiva. Msijaribu nyumbani tafadhali, nasema kwa herufi kubwa kichwani.

Hiyo ganzi mimi inanikumbusha mwezi wangu wa kwanza fildi. Niliweka fuzi kwenye kimfuko chake, nikasahau kugonga muhuri wa "chemsha kwanza". Mgonjwa kashaondoka. Laoshi kaligundua kwenye karatasi za ukaguzi, tukampigia simu mara saba, ya nane kapokea yuko kwenye basi hajafika. Tangu siku hiyo muhuri nagonga kabla hata sijapima.

Saa 3 usiku mama kapiga, kule Morogoro ni saa kumi jioni. Kanunua stendi "dawa ya Mchina ya magoti", vidonge vyeusi. Nikamwambia mama nitumie picha ya boksi. Picha ikaja: mtu ameshika goti, nyota nne, hakuna jina la dawa hata moja.

"Mama, usinywe hivyo."

"Mbona nimeshakunywa viwili saa nane, baba."

"Midomo inakufa ganzi? Ulimi? Moyo?"

Kimya kidogo. Namsikia anajilamba midomo.

"Hamna kitu baba. Na goti bado linauma vile vile."